Mjumbe wetu wa pekee wa kike hasemi. Kosa ni la nani?

SWALI: Assalaam aleikum, Bi. Mshauri. Mimi ni mwenyekiti wa bodi ya kampuni ya familia ya uchukuzi hapa Mombasa. Tuko wajumbe saba. Mwanzoni mwa 2023, tulipokuwa tukitafuta mkopo wa malori, benki ilituuliza kama tuna mwanamke kwenye bodi. Hatukuwa naye, tukamwomba mama mmoja aliyestaafu kazi ya benki, msomi na mwenye heshima zake. Tangu hapo hajakosa kikao, lakini hasemi. Nakumbuka alizungumza kwa kirefu mara moja tu, kikao chake cha pili, alipouliza kwa nini tukope kwa dola na sisi wateja wetu wengi wanatulipa kwa shilingi. Tulimweleza kwamba jambo hilo limeshakubaliwa, akanyamaza. Binti yangu aliyesoma ng'ambo ananiambia tumeweka pambo. Wenzangu wanasema mlango tuliufungua, yeye ndiye hakuingia, na muda wake ukiisha tutafute mwingine anayejua kusema. Kosa ni la nani, na mimi nifanye nini?

JIBU: Waaleikum salaam, Ndugu Mwenyekiti. Nashukuru umeuliza, na nashukuru zaidi kwamba umeuliza kabla hujamwondoa. Jibu langu fupi ni hili: usimbadilishe. Mkimtoa huyu mkaleta hodari wa kusema, mkamkalisha kwenye kiti kilekile kwa utaratibu uleule, haitapita mwaka naye atanyamaza. Kimya hicho kimetengenezwa na bodi yenyewe, na mwenye uwezo mkubwa wa kukitengua ni wewe.

Tuanze na ile mara moja aliyosema, maana barua yako imeipita mbio. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imevuka 160. Baadaye mwaka huo shilingi ilipata nguvu ikarudi kwenye 130 hivi, lakini rejesho la mkopo halingoji shilingi ipate nguvu. Chukua rejesho la dola 10,000 kwa mwezi: lilianza likigharimu shilingi milioni 1.23, likafika milioni 1.6, na nauli za malori yenu ni zilezile. Fungua hesabu za miezi ile utazame tarakimu zenu wenyewe. Mjumbe unayesema hasemi aliliona jambo hilo likiwa bado karatasini, akalisema, mbele ya watu sita, katika kikao chake cha pili. Akajibiwa kwamba limeshakubaliwa.

Limekubaliwa wapi? Hilo ndilo swali ninalotaka ulale nalo. Yeye ni mjumbe wa bodi kamili. Kama jambo lilikubaliwa naye hakuwepo, basi kuna bodi nyingine inayokaa mahali pengine, na hii anayohudhuria yeye ni ya kugonga muhuri.

Nimekuwa katibu wa kampuni kwa miaka mingi kabla sijaanza kushauri bodi, na bodi hiyo nyingine nimeiona kwa namna zake zote. Huku pwani mara nyingi hukaa Ijumaa baada ya sala, kibarazani, kahawa chungu mkononi. Mmoja anasema, "Yale malori vipi?" Mwingine anajibu kwamba amezungumza na mtu wa benki, dola riba yake ndogo. Wa tatu anaitikia. Kahawa inaisha, watu wanaamka, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba kampuni imekopa. Jumanne wanakuja kwenye kikao wakiwa na jambo lililoiva, na inaonekana ajabu kwao mtu kuuliza swali la mwanzo. Hakuna aliyekusudia kumfungia mtu nje. Ni ndugu na majirani wanazungumza kama walivyozungumza siku zote. Ila yeye hawezi kuja kukaa kibarazani, nanyi mnajua kwamba hawezi.

Bara ni uwanja wa gofu au meza ya hoteli baada ya saa kumi na moja. Mahali hutofautiana, kazi inayofanyika ni ileile.

Na hili lina uzito wa sheria. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inamtaka kila mkurugenzi atumie uamuzi wake mwenyewe na afanye kazi kwa uangalifu na ujuzi unaostahili. Inasema kila mkurugenzi, wala haina kifungu cha pambo. Mambo yakiharibika, jina lake liko kwenye makaratasi sawa na lako. Mmembebesha mzigo wa dhamana mkamnyima habari za kuubeba, na mtu aliyekaa benki analijua hilo vizuri kuliko sisi wote. Mimi ningekuwa yeye pengine ningeshajiuzulu. Yeye amebaki, na hajakosa kikao hata kimoja. Hiyo peke yake ingetosha kuwanyamazisha wanaosema hakuingia mlangoni.

Sasa nikuombe ufanye kitu kabla hujaendelea kusoma, au angalau kesho asubuhi. Mwambie katibu wenu akuletee kumbukumbu za vikao vinane vya mwisho. Chukua kalamu, uhesabu kila mjumbe amesema mara ngapi, yaani wote saba. Katika bodi nilizohudumia, karibu kila mara ilikuwa wanaume wawili watatu ndio wenye kikao, na waliobaki huitikia tu. Naamini kwenu utakuta mmoja au wawili ambao mwaka mzima wameandikwa mara moja, "aliunga mkono". Je, kuna aliyependekeza kwamba hao nao watafutiwe badala wanaojua kusema? Kimya cha mwanamume huitwa busara. Chake yeye kimeitwa kushindwa.

Na unapohesabu, kumbuka kwamba kumbukumbu nazo zina macho ya mwandishi wake. Nitakueleza lililonitokea mimi mwenyewe. Katika kampuni moja niliyohudumia, mjumbe wa pekee wa kike alisema kwamba bima ya bohari haijumuishi mafuriko. Pakawa kimya, ajenda ikaendelea. Dakika kumi baadaye mwenzake akasema, "Lakini hii bima, mafuriko yamo?" Mwenyekiti akasema hoja nzuri, azimio likapitishwa, nami nikaandika: hoja ilitolewa na Bwana fulani. Sikugundua mpaka usiku, nikisoma karatasi zangu za mkono ili niandike nakala safi, nikakuta jina la yule mama limo juu, mistari kumi kabla. Mimi mwanamke, tena mwenye kalamu, nilimfuta. Nilirekebisha nakala ile, na tangu siku hiyo huandika jina la aliyeanza. Mwambie katibu wenu naye afanye hivyo.

Kwa nini hutokea hata kwa watu wema? Mwaka 1977 mwanasosholojia wa Marekani, Rosabeth Moss Kanter, alichapisha utafiti alioufanya ndani ya kampuni kubwa ya nchi hiyo, ambako wanawake wachache walikuwa wameanza kuingizwa kwenye kazi ya mauzo iliyojaa wanaume. Aliona kwamba walio wachache wakiwa chini ya asilimia 15 hivi ya kundi, huacha kuonekana kama watu mmoja mmoja. Wanageuka vielelezo vya jinsia yao. Macho yote huwa juu yao: mwanamume akikosea amekosea yeye, mwanamke akikosea wamekosea wanawake. Wale walio wengi nao huanza kukuza kile kinachowaunganisha, utani wao, visa vyao vya zamani, na kila kicheko kinamkumbusha mgeni ugeni wake. Kisha humvika vazi moja wanalolizoea. Kanter aliyataja manne: mama, mrembo, kipenzi cha kundi, na mwanamke wa chuma.

Mmoja kati ya saba ni asilimia 14.

Na vazi mlilomvika nyinyi nimeliona kwenye barua yako. Wengine ni "wajumbe" na "wenzangu". Yeye ni "mama mmoja". Mama ni jina la heshima kwetu na silipingi hata kidogo. Mimi mwenyewe naitwa hivyo na nafurahi. Lakini angalia linafanya nini mezani. Mama hakatizwi kauli, sawa, ila pia hajadiliwi. Mama hapewi kazi ya kupinga mkopo. Akisema jambo gumu huitikiwa kwa upole, "sawa mama, tumesikia", na jambo linapita bila kujibiwa. Nikikisia kazi alizopewa tangu aingie, nitasema ni ustawi wa wafanyakazi, zawadi za mwisho wa mwaka, na kwenda kuhani wafanyakazi wanapofiwa. Ni kazi njema. Hakuwa mfanyakazi wa benki kwa ajili hiyo.

Basi hesabu ndiyo ya kuanza nayo, kwa kuwa mengi ya haya yanatokana na yeye kuwa mwanamke peke yake. Watafiti wa chuo cha Wellesley, Marekani, walitoa mwaka 2006 ripoti yao baada ya kuzungumza na wanawake 50 waliokaa kwenye bodi za kampuni kubwa, pamoja na wakurugenzi watendaji na makatibu wa kampuni. Mwanamke akiwa mmoja, mara hupuuzwa, mara hukodolewa macho. Wakiwa wawili kuna nafuu, ila bado wanajichunga: wakikubaliana huonekana wamekula njama, na wengine walisema walifikiri mara mbili hata kukaa viti vya jirani. Wakifika watatu, watu huacha kuwahesabu. Wanaanza kutofautiana wao kwa wao mbele ya wote, na hapo kila mmoja anakuwa na akili yake na jina lake.

Watatu kati ya saba. Nimeijaribu hesabu yenu kwa vipimo vitatu na vyote vimenipeleka hapo hapo. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 27(8), inaitaka serikali ichukue hatua ili vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili za jinsia moja. Kampuni binafsi kama yenu haibanwi nayo moja kwa moja, lakini ukitumia kipimo hicho kwa watu saba, wanaume hawazidi wanne. Kipimo cha pili ni cha wakopeshaji. Mwaka 2018, kwenye mkutano wa G7, yaani nchi saba tajiri za viwanda, kule Charlevoix, Canada, taasisi za fedha za maendeleo za nchi hizo zilianzisha mpango wa 2X Challenge wa kuelekeza fedha kwa biashara zinazowainua wanawake, na kimoja cha vipimo vyake vya mwanzo kilikuwa wanawake kufika asilimia 30 kwenye uongozi au bodi. Benki nyingi za kwetu huchukua fedha kwa taasisi za aina hiyo, na pengine ndiko lile swali la benki yenu lilikotoka. Wawili kati ya saba ni asilimia 28 na ushei. Hawafiki.

Cha tatu ni Norway, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko jambo hili lilikojaribiwa kwa nguvu kuliko kwingine. Mwaka 2002 waziri wa biashara na viwanda, Ansgar Gabrielsen, mtu wa chama cha kihafidhina, alisema gazetini kwamba amechoshwa na biashara inayoendeshwa na wanaume peke yao. Wakati huo wanawake kwenye bodi za kampuni zinazoruhusiwa kuuza hisa kwa umma walikuwa kama asilimia 6. Bunge likapitisha sheria mwaka 2003. Kampuni zikapewa nafasi zitekeleze kwa hiari, hazikufika. Ikawa lazima kuanzia 2006, na mwisho wa muhula ni 2008, na adhabu ya kutotii ni kampuni kuvunjwa. Zikafika. Sheria haikutaja asilimia 40 tu ikaishia hapo. Ilipanga kwa ukubwa wa bodi. Bodi ya watu wanne au watano, angalau wawili wa kila jinsia. Ya watu sita hadi wanane, angalau watatu. Nyinyi ni saba.

Wenzako watauliza, "Hao wawili wengine tutawatoa wapi? Wenye sifa wako wapi?" Norway nayo iliuliza hivyohivyo, kwa kelele. Wanauchumi waliokuja kuchunguza baadaye walikuta wanawake walioingia baada ya sheria wana sifa kubwa kuliko wale waliokuwa wameingia kabla yake. Watu walikuwepo, hawakuwa wametafutwa. Ila Norway inafundisha pia la kuogopa. Wanawake wachache mashuhuri walirundikiwa viti vingi mpaka wakapewa jina la sketi za dhahabu, na sheria ile haikufungua sana njia ya wanawake wengine ngazi za chini ndani ya kampuni hizo. Kwa hiyo msikimbilie jina kubwa linalokaa bodi nane. Mombasa imejaa wanawake wanaoijua kazi yenu: maafisa wa forodha waliostaafu, mawakili wa mambo ya bahari, wakaguzi wa hesabu, mameneja wa usafirishaji. Shirikisho la Waajiri la Kenya, FKE, limekuwa likiendesha mafunzo ya Female Future, yaliyoanzia kwa waajiri wa Norway na yaliyofika pia Uganda na Tanzania, na wahitimu wake wameandaliwa kwa kazi za bodi. Ulizeni huko.

Ombi moja hapa, na nisamehe kwa kuingia nyumbani kwako. Usimweke binti yako kuwa mwanamke wa pili ili hesabu ipande. Kwenye kampuni za familia nimeona mara nyingi kiti cha mwanamke kikijazwa na mke au binti anayetarajiwa kuitikia baba alichosema. Kama ana ujuzi na siku moja atarithi hisa, aje kwa njia atakayopitia mtu yeyote, na aje ukiwa umeshapata wengine wasiokula mezani kwako.

Na msisimame kwa wawili. Watafiti wa Marekani walichunguza kampuni 1,500 za soko la hisa la huko, wakachapisha mwaka 2019 kwamba bodi zenye wanawake wawili kamili zilikuwa nyingi kuliko ambavyo bahati peke yake ingeleta. Kampuni zilikuwa zikichungulia jirani ana wangapi, zikifika hapo zinapumua. Uingereza ilikuwa hivyohivyo kwa mmoja. Mwezi Mei 2018 serikali yake ilitoa hadharani visingizio ambavyo wenyeviti na wakurugenzi wa kampuni kubwa waliwapa watu waliokuwa wakikagua jambo hili. Mmoja alisema wanawake wote wazuri wameshachukuliwa. Mwingine alisema mambo ya bodi ni magumu mno. Na mmoja akasema: tayari tuna mwanamke mmoja kwenye bodi, kwa hiyo tumemaliza, ni zamu ya wengine. Nimeisikia sentensi hiyo kwa Kiswahili, Nairobi na hapa hapa pwani, kutoka kwa watu ambao hawajawahi kusoma ripoti ya Uingereza.

Lakini idadi bila utaratibu itakupa watu watatu walionyamaza badala ya mmoja. Kwa hiyo nirudi kwenye kikao chenyewe.

Makabrasha yatoke siku saba kabla, na yatoke kwa wote siku moja. Mjumbe anayekabidhiwa kabrasha mlangoni hana la kuchangia isipokuwa adabu. Yale ya kibarazani sikuambii myaache, hamtaweza, wala si dhambi kuzungumza biashara na ndugu zako. Ninachokuomba ni kwamba jambo likianza kuelekea uamuzi, wewe mwenyekiti useme, "Hili tulibakishe Jumanne," na jioni hiyo umpigie simu na yeye umwambie mlichozungumza. Mara tatu nne tu ukifanya hivyo, wenzako watajifunza kwamba kibarazani hapaamuliwi.

Kikaoni, wewe usiseme mwanzo. Mwenyekiti mzee akishatoa maoni yake katika bodi ya familia, mjadala umekwisha hata kama hakukusudia. Zunguka meza. Na usimwite kwa kusema "sasa tumsikie mama," kwa maana hapo umemwita aseme kama mwanamke. Mwite kwa ujuzi: "Hili la mkopo aanze Bi. fulani, yeye amekaa upande wa pili wa meza hii." Kauli hiyo fupi inawakumbusha wote kwa nini yupo. Mtu akirudia hoja yake dakika kumi baadaye, useme bila ukali, "Naam, ndiyo hoja ya Bi. fulani, tuiendeleze." Wenyeviti wawili niliowafundisha jambo hili waliniambia lilibadilisha kikao kuliko warsha zote walizopelekwa.

Mtoe kwenye zawadi za mwisho wa mwaka, mweke kwenye kamati ya fedha au ya ukaguzi, na kama mnaweza, aiongoze. Bodi nyingi kazi yake halisi iko kwenye kamati. Kama wengine wataona mmempa cheo kwa jinsia yake, waulize ni nani kati yao aliyewahi kupitisha au kukataa mikopo kwa riziki yake.

Nisikudanganye kwenye jambo moja. Kuna watu watakuambia ukiongeza wanawake faida itapanda, tena watakuonyesha michoro. Utafiti wa kweli hausemi kwa urahisi huo. Uchunguzi mmoja mkubwa wa kampuni za Marekani, wa mwaka 2009, ulikuta wanawake wanahudhuria vikao vizuri zaidi, wanaume nao huhudhuria zaidi wanapokuwa nao, na bodi inamsimamia mkurugenzi mtendaji kwa ukali zaidi. Lakini thamani ya kampuni kwa wastani haikupanda, na pale ambapo usimamizi ulikuwa umeshakaza tayari, ilishuka. Kuhusu Norway wasomi wamebishana: mwaka 2012 baadhi walisema sheria iliangusha bei za hisa, wengine wakarudia hesabu wakasema sivyo. Kwa hiyo usiwaahidi wenzako fedha. Waonyeshe ule mkopo. Kampuni ya familia huumia zaidi kwa kukosa mtu wa kuuliza swali ambalo ndugu wote wanaona haya kuliuliza, na mlikuwa naye.

Inawezekana, baada ya haya yote, mwaka mzima ukapita naye bado akawa kimya. Hapo mtafanya tathmini ya wajumbe wote saba kwa kipimo kimoja, kwa maandishi, na atakayeshindwa aondoke, mwanamume kwa mwanamke. Kabla ya hapo hamna haki ya kumpima.

Sasa la kufanya wiki hii. Nenda kwake mwenyewe. Usimtume katibu, wala usipige simu. Umbishie hodi, ukae, na baada ya kujuliana hali umwambie kwamba umerudi kwenye kumbukumbu za kikao kile cha 2023, umepiga hesabu za marejesho, na kwamba swali lake halikujibiwa. Liseme hivyo hivyo, bila kulizungusha. Kisha umuulize ni mambo gani mengine aliyaona akayaacha. Nenda na daftari, kwa sababu naamini yapo. Anaweza asikuambie siku hiyo. Mtu aliyezimwa mara moja hafunguki kwa ziara moja. Usimshurutishe.

Kisha mwambie katibu, kwenye ajenda ijayo, chini ya Yatokanayo, aandike: mkopo wa dola wa malori, hali ya marejesho na njia za kupunguza hatari ya ubadilishaji wa fedha. Mwasilishaji awe yeye, kwa jina lake kamili, na apewe nafasi ya kuzungumza na mhasibu wenu na benki kabla ya kikao. Na Ijumaa ya wiki hiyo, kibarazani, mkopo usitajwe.